Nati ya propela ilikaza, lakini haikubana: uzi kuhusu nyuzi za shafti za boti

#1 – Mleta uzi (Kizota, Dodoma)

Mbukwenyi wakuu.

Mezani hapa nina shafti ya propela ya injini ya boti iliyotoka Mtera. Kwenye mabonde ya nyuzi zake, ile mikato ya kuzunguka ambayo nati hupandia, kumebaki brasi iliyojisokota kama kijiwaya cha manjano, unaivuta kwa ncha ya sindano inatoka nzima, duara baada ya duara. Brasi hiyo ni ya nati niliyoichonga mimi, na naleta uzi huu kwa sababu yake.

Wengi wakisikia Dodoma hawafikirii boti. Ila sisi tunaochonga vyuma hapa mjini tunalihudumia bwawa la Mtera, kama kilomita 120 kwa barabara ya Iringa. Vipuri vinatufikia kwa basi vikiwa ndani ya kiroba, mwenye mali tunaongea naye kwa simu tu. Mara nyingi kilichopotea ni kitu kimoja kidogo, yaani nati.

Hii shafti ililetwa hivyo hivyo. Nikaipima kipenyo kwa venia (kile kipimo cha mdomo), ikasoma milimita 15.8. Nikasema hii ni milimita 16, imelika kidogo. Nikachukua nati ya M16, yaani ya milimita 16, yenye pichi (nafasi kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5, ikaingia mizunguko miwili kwa vidole halafu ikagoma. Nikadhani ni kutu na uchafu, nikapiga brashi ya waya, nikatia mafuta, ikasogea tena kidogo. Basi nikachonga nati mpya ya brasi kwa kipimo hicho hicho, nikaikata mapengo ya kotapini, ile pini inayopita kwenye nati na tundu la shafti, nikaijaribu kwa spana. Ilikuwa ngumu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi nikaufurahia ule ugumu. Nikairudisha.

Wiki ya pili yake vijana wawili walikwenda kutoa nyavu jioni. Nyavu ikanasa kwenye kisiki. Wanaoijua Mtera wanajua kwamba miti iliyozama tangu bwawa linajengwa bado imesimama humo, na maji yakishuka kutoka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, ambao ndio usawa wa kujaa, kuelekea 690, visiki vinakuja juu kila mahali. Wakaweka gia ya kurudi nyuma ili wajitoe. Injini ikapiga kelele, boti haikusogea. Propela ilikuwa tayari imeshuka chini. Walijifunga kwenye mti mkavu wakalala humo humo na upepo, wakatolewa asubuhi. Wote wazima, namshukuru Mungu. Lakini simu ile niliyopigiwa sitaisahau.

Sasa tuje kwenye nyuzi zenyewe.

Shafti ile haikuwa ya milimita kabisa. Ilikuwa ya inchi: kipenyo inchi 5/8, nyuzi 18 kwa kila inchi. Inchi 5/8 ni milimita 15.875. Uzi wa M16 nao, ukiwa mpya kabisa na umekatwa kwa kipimo halali, unaweza kusoma 15.8 kwenye venia, kwa sababu uzi wa nje siku zote hukatwa pungufu kidogo ili nati ipite. Kwa hiyo 15.8 yangu ilikuwa haisemi chochote. Ingeweza kuwa hii au ile. Kipenyo peke yake hakitofautishi nyuzi hizi mbili.

Kinachozitofautisha ni pichi, umbali kutoka kilele cha uzi mmoja hadi kilele cha unaofuata. Nyuzi 18 kwa inchi ni pichi ya milimita 1.411. M16 ile ni 1.5. Tofauti ni 0.089, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na ndiyo maana mizunguko ya kwanza inakubali: kuna nafasi kidogo kati ya nati na shafti, ile tofauti inajificha humo. Lakini kila uzi unaoongezeka unaongeza 0.089 nyingine. Nati yangu ilikuwa na nyuzi kama nane. Mpaka uzi wa nane ufike, umepishana na bonde lake kwa zaidi ya nusu milimita. Hapo nati haipandi tena kwenye nyuzi, inajikata njia. Brasi ni laini, ikakubali kukatwa.

Ugumu wote ule niliousikia kwenye spana ulikuwa wa nyuzi kupigana zenyewe kwa zenyewe. Nguvu ya mkono iliishia humo, haikufika kwenye propela. Ndugu zangu mafundi, nati inaweza kukaza mpaka mshipa wa shingo ukutoke na isibane kitu.

Na kwa nini ilikaa karibu wiki mbili bila kung'oka? Hili wengi hawalijui. Boti ikienda mbele, nati haibebi msukumo. Propela inasukuma maji nyuma, yenyewe inaisukuma shafti mbele, inaegemea ile washa (pete) nene ya msukumo iliyo mbele yake. Kuzunguka kunabebwa na meno ya shafti yanayoingia ndani ya kitovu cha propela. Nati iko nyuma inasindikiza. Siku unapoweka gia ya nyuma ndipo propela inapotaka kutoka kwenye shafti, na kinachoizuia ni nati peke yake. Vijana walikuwa wamenasa, wakavuta kwa nguvu zote za injini, mzigo wote ukaangukia nyuzi mbili tatu za brasi zilizokuwa zimegusa. Zikachunika. Nati ikabaki bangili tu, inazuiwa na kotapini. Kotapini ikakatika, nusu yake bado imo kwenye tundu, naiona hapa.

Hata nati inayolingana haigawi mzigo sawasawa. Uzi wa kwanza, ule ulio karibu na kitu kinachobanwa, hubeba karibu theluthi ya mzigo wote, wa pili pungufu, na kuendelea. Ndiyo maana nati haina haja ya kuwa ndefu kama chupa. Urefu wa kama 0.8 ya kipenyo unatosha, ila nyuzi zote ziwe zimegusa kweli.

Kupima bila geji ya pichi ni hivi. Chukua karatasi nyeupe, iweke juu ya nyuzi za shafti kwa urefu, isugue kwa kidole chenye masizi au grisi kidogo. Vilele vinaacha mistari. Tafuta mstari wa kwanza, hesabu nafasi kumi, pima kwa rula. Ukipata milimita 15 ni pichi 1.5. Ukipata 14 na kidogo ni nyuzi 18 za inchi. Nafasi kumi zinakuza ile tofauti ndogo hadi jicho linaiona. Dakika mbili tu, na mimi sikuzitoa.

Baada ya hapo nati ijaribiwe kwa vidole. Kwa vidole, si spana. Iingie mpaka mwisho bila kugoma. Ikigoma kwenye mzunguko wa pili au wa tatu baada ya kusafishwa, hiyo si yake.

Nakaribisha mafundi, wavuvi, na yeyote mwenye la kuongeza.

#2 – Mvuvi, Migoli

Mkuu pole sana na ahsante kwa kusema ukweli. Mimi nina injini ya HP 15, nati yake ilibadilishwa mwaka jana na sijui ilitoka wapi. Nikiikaza inakuwa ngumu tangu mwanzo, hivyo hivyo ulivyoeleza. Sasa nina wasiwasi.

Swali jingine: kuna fundi huku anasema nati ya propela lazima iwe ya nyuzi za kushoto, kwa sababu propela inazunguka kulia na itaifungua. Anasema kama pedali ya kushoto ya baiskeli. Ni kweli?

#3 – Mleta uzi

Kaka wa Migoli, kwanza usiende majini na hiyo mashine kabla hujaipima kwa karatasi. Tafadhali.

Swali lako ni zuri na huyo fundi hajakosea kabisa. Simama nyuma ya boti uitazame propela. Nyingi huzunguka kulia, kama mshale wa saa, boti ikienda mbele. Maji yanaikataa, kwa hiyo propela muda wote inataka kubaki nyuma ya shafti, yaani kwa shafti yenyewe ni kama inavutwa kushoto. Ikiwa imeigusa nati, inaivuta nati kushoto pia, na nati ya nyuzi za kawaida ukiizungusha kushoto inafunguka. Kwenye meli kubwa zenye propela ya kulia, nati hukatwa nyuzi za kushoto kwa sababu hiyo hiyo, ili msuguano uikaze.

Lakini injini hizi zetu za nje nilizowahi kufungua zote zina nyuzi za kulia. Meno ya shafti hayaachi propela icheze, na ukiweka gia ya nyuma mambo yanageuka, kilichokuwa kinafungua kinakaza. Uelekeo wa nyuzi hauwezi kukulinda pande zote mbili. Ulinzi unatokana na nati kubana sawasawa, kisha kotapini au washa yenye ulimi wa kukunja. Kotapini kazi yake ni kuzuia nati isizunguke. Haikuwekwa ili ibebe propela.

Pedali ya baiskeli ni hadithi nyingine. Ni kweli ya kushoto ina nyuzi za kushoto, kila fundi baiskeli wa Majengo analijua hilo. Lakini pale mhimili wa pedali unabanwa na mguu upande mmoja, unabiringika ndani ya tundu lake kidogo kidogo, na kubiringika huko kunausukuma kinyume cha unavyozunguka. Tusichanganye.

#4 – Mwanafunzi wa ufundi, Dodoma

Shikamoo fundi. Tumefundishwa kwamba nyuzi nene ni imara zaidi kwa kuwa kila uzi una nyama nyingi. Sasa kwa nini shafti za propela zinakatwa nyuzi nyembamba?

#5 – Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Nyuzi nene zina sifa yake: zinavumilia mchanga, haziharibiki ovyo, na ni vigumu kuzipandisha upande. Lakini angalia kilichobaki katikati. Uzi mnene unachimba bonde refu, shafti inabaki nyembamba ndani. Eneo la chuma linalobeba mzigo kwenye M16 ya pichi 2 ni milimita za mraba 157, na kwenye M16 ya pichi 1.5 ni 167. Shafti ni ile ile, umeongeza chuma kwa kuchimba kidogo.

Pili ni mteremko. Uzi ni mlima uliozungushwa kwenye mti. Pichi 2 kwenye M16 ina mteremko wa kama digrii 2.5, pichi 1.5 kama digrii 1.8. Mlima mkali unateleza kirahisi mashine ikitetemeka, ule wa taratibu nati inakaa. Tatu, nati ya kotapini inataka pengo lake likutane na tundu la shafti, na uzi mwembamba unakupa nafasi ya kulifikia bila kukaza kupita kiasi.

Ila jambo ambalo ningependa ulichukue ukiwa bado shuleni ni chini ya bonde. Ukikata nyuzi kwa kisu chenye ncha kali kama wembe, chini ya bonde unaacha kona kali, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Shafti haikatiki siku moja. Inapinda kidogo sana kila mzunguko, maelfu ya mizunguko kila dakika, ufa unatembea polepole, siku moja inakatika huku unaenda mwendo wa kawaida. Noa kisu chako, kisha kivunje ncha kwa jiwe la mafuta kipate uduara kidogo. Na pale nyuzi zinapoishia usiziache zikatike ghafla, chonga kishingo laini. Nyuzi za kiwandani nyingi hazikatwi, hubanwa kati ya roli mpaka chuma kifuate umbo, ndiyo maana zinavumilia kuliko zetu za kisu.

#6 – Fundi mkongwe, barabara ya Iringa

Mleta uzi umesema vizuri, lakini mmekuwa waoga. Mimi shafti iliyokufa nyuzi najaza kwa kulehemu, nachonga upya, nakata nyuzi. Nimefanya hivyo kwenye mashine za kusaga na trela za trekta miaka mingi na zinafanya kazi. Shafti mpya ya injini ya boti inaagizwa mbali na ni pesa nyingi. Mvuvi ataitoa wapi?

#7 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, na kazi zako kwenye mashine za kusaga nimeziona. Lakini kwa shafti hii nakataa, na nitaeleza.

Ncha ya shafti ya injini ndogo ni nyembamba kama kidole gumba. Ukiilehemu, moto unaenda hadi kwenye meno na hadi pale inapokaa sili ya mafuta. Chuma kinapinda, ugumu wake unabadilika, na mpaka wa lehemu na chuma cha asili unaangukia pale pale penye uzi wa kwanza unaobeba theluthi ya mzigo. Ikipinda kidogo tu, propela inatetemeka, sili inakufa, maji yanaingia kwenye mafuta ya gia, na sasa mvuvi ana gharama ya gia nzima. Mashine ya kusaga ikikatika, mkanda unatoka, watu wanarudi na mahindi yao kesho. Hawa wanakatikiwa katikati ya bwawa usiku.

Kuhusu pesa upo sahihi, na ndiyo maana nati inatakiwa iwe laini kuliko shafti. Kikifa kitu, ife nati. Hii shafti iliyo mezani kwangu nyuzi zake ni nzima, nimezisafisha tu. Kama mleta shafti ana nyuzi zilizoumia kidogo, zinyooshwe kwa dai (kile kifaa cha kukatia nyuzi za nje) ya pichi yake kamili, taratibu, kwa mafuta. Nisingekubali fundi azikate upya ziwe ndogo ili ziendane na nati aliyonayo dukani.

Na wale wa stenlesi kwa stenlesi: paka grisi isiyooshwa na maji. Nati ya stenlesi kwenye shafti ya stenlesi ikikazwa kavu inaumana, inagandana kabisa, unaishia kuikata kwa msumeno.

#8 – Mmiliki wa boti, Mtera

Mimi ni dada ninayemiliki boti mbili, moja ina injini ya ndani yenye shafti ndefu inayochongoka mwishoni. Ile ina nati mbili, moja nene na moja nyembamba. Kila fundi anakuja na mpangilio wake. Ipi inatangulia?

#9 – Mleta uzi

Dada, nyembamba inatangulia, nene inakuja nje. Najua macho yanakataa, hata mimi nilifunga kinyume kwa muda mrefu. Lakini fikiria: unapokaza nati ya nje dhidi ya ya ndani, ya nje inaisukuma ya ndani mbele na kuipunguzia mzigo. Mwisho wa kukaza, inayobeba ni ya nje. Basi ya nje ndiyo iwe na nyuzi nyingi.

Shafti yako inayochongoka ina kipimo cha mchongoko pia, na hapo kuna mtego ule ule wa M16 na 5/8. Ya Kimarekani kipenyo hupungua kipimo kimoja kwa kila vipimo kumi na sita vya urefu, nyingine nyingi za milimita kimoja kwa kila kumi. Propela ya moja haikai kwenye nyingine. Inagusa kwenye ukingo tu, unaikaza nati, unasikia ngumu, na ndani kuna uwazi. Mwambie fundi aivalishe propela kwanza bila kii (kile kipande cha chuma kinachoifunga propela izunguke na shafti), aipige alama kwenye shafti pale ilipofika, kisha aivalishe na kii. Ikishindwa kufika kwenye alama, imepanda juu ya kii, na hapo hata nati kumi hazisaidii. Kii ipunguzwe juu kidogo mpaka ifike.

#10 – Mwanafunzi wa ufundi, Dodoma

Fundi, kwenye propela yenyewe pameandikwa namba mbili na wanasema ya pili ni pichi. Ni pichi hiyo hiyo ya nyuzi?

#11 – Mleta uzi

Maana ni hiyo hiyo, na nimefurahi umeuliza. Propela ni uzi mkubwa usio na nati, maji ndiyo nati yake. Pichi ya 13 maana yake, kama maji yangekuwa magumu kama chuma, mzunguko mmoja ungeisogeza boti inchi 13, kama milimita 330. Maji yanateleza kwa hiyo hufiki huko. Mwingereza Francis Pettit Smith, aliyepata hati ya ugunduzi mwaka 1836, alianza na skrubu ndefu ya mbao yenye mizunguko miwili kamili. Akiwa kwenye majaribio mferejini London mwaka 1837 kipande chake kikavunjika, na boti ikaongeza mwendo. Kumbe uzi mfupi unatosha.

Na ukitaka kujua kwa nini nati zetu hazielewani, chimbuko lake ni karne hiyo hiyo. Whitworth wa Uingereza alipanga nyuzi za pembe ya digrii 55 mwaka 1841, Sellers wa Marekani akaja na digrii 60 mwaka 1864, halafu kuna za milimita. Za inchi za Marekani na za milimita leo zote ni digrii 60, ndiyo maana ukizitazama kwa jicho ni mapacha. Mapacha hao ndio walionipata.

#12 – Mvuvi, Migoli

Fundi nimerudi. Nimefungua propela leo mchana, nimefanya ya karatasi kwa masizi ya sufuria. Nafasi kumi kwenye shafti ni milimita 15 kamili, nimepima mara tatu. Kwenye nati nimesukuma kijiti cha udongo laini wa mfinyanzi ndani, nikakitoa polepole, mistari imetoka. Nafasi tano ni 7, hazifiki 7.5. Shafti ni ya milimita, nati ni ya inchi. Na ndani ya nati uzi wa kwanza umeshalala upande mmoja.

Boti nimeipandisha nchi kavu. Vijana wamenuna, lakini wameiona karatasi.

#13 – Mleta uzi

Hiyo ya udongo sikuijua, nimeichukua.

Kama kipenyo cha shafti yako nacho ni kama milimita 16, nati ya M16 pichi 1.5 ya kotapini ninayo moja, na hii nimeipitisha kwenye geji. Naiweka kwenye basi la Iringa la kesho asubuhi, pamoja na kotapini mbili mpya. Jina la basi na namba ya kondakta nitakutumia pembeni. Ikifika, iingize kwa vidole kwanza. Ikigoma popote, usiguse spana, nipigie.